Kitana cha Saluni

Jumatano

Kichwa kinaniwasha, na nimejikataza kukikuna.

Leo saluni, msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa changu alipoletewa mtoto wa kike mwenye mapunye. Akamchana, akakipuliza kitana, akakirudisha kwangu.

"Dada, kioshe kwanza."

"Mapunye hayapandi kichwa cha mtu mzima, shoga. Yanataka watoto."

Benchi zima likacheka. Nalipa elfu ishirini na tano, na maji hayamo kwenye bei. Kinyaa kilinipanda, lakini kesho mdogo wangu anaolewa kijijini Miteja, na nusu ya kichwa ilikuwa timutimu. Nikainama, nikamwambia abane vizuri mbele.

Mwanangu, ambaye siku zote tunalala naye mto mmoja, nimemtandikia mkeka wake. Ameuliza kwa nini. Nimemwambia joto.