Kadi ya Usalama ya Baba Mkwe

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bintulu, Sarawak
Alhamisi, tarehe 16 Mei 2019, saa saba na robo mchana

Jina: Manggat anak Jelian
Umri: Miaka 41
Kazi: Fundi wa kufunga majukwaa ya ujenzi
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, Kidurong
Mpokea maelezo: Koplo Awang Saidi

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Jana nilisikia kwamba Mwalimu Dayang Sapiah, anayefundisha mafunzo ya usalama, amehojiwa siku nzima kwa kuuza kadi kwa mtu ambaye hakukanyaga darasani. Hakuuza. Nataka hilo liandikwe kwanza, mengine yafuate.

Marehemu ni baba wa mke wangu, Mendia. Jina lake mnalo kwenye kitambulisho, liandikeni ninyi. Kwetu sisi wa kabila la Waiban mtu hatamki jina la mkwe wake. Ukilitamka umemvunjia heshima, na wazee wanasema tumbo litakuvimba mpaka ufe. Mimi namwita Baba.

Mnamo mwezi wa tatu mwaka huu Baba alihamia kwetu kutoka nyumba ndefu ya ukoo wao, familia nyingi chini ya paa moja, juu ya mto Tatau. Alikuwa na miaka 59. Mke wake alifariki mwaka jana, na kukaa bure kulimchosha. Nikamwombea kibarua kwenye jengo tunalojenga. Fomeni alikubali, ila akasema bila kadi ya kijani ya usalama hapiti getini hata dakika moja. Kadi hiyo unaipata kwa kukaa darasani siku moja, mwishoni unajibu maswali.

Baba hakujua kusoma. Nilipomweleza habari ya darasa, Mendia alikuwa ameenda sokoni, tulikuwa wawili tu. Akaniuliza, "Huko wanakaa na vijana?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nisimame mbele ya watoto nishindwe kusoma hata jina langu? Aka. Bora nirudi kugema mpira." Mimi kwa kiherehere changu nikamwambia, "Baba, usijitese. Ni kulala kwenye kiti siku nzima tu. Nitakwenda mimi."

Mnamo Jumatatu tarehe 22 Aprili, saa mbili asubuhi, nilikaa darasani na kitambulisho chake. Picha imefifia, na mimi naye watu hudhani ni ndugu. Mwalimu Dayang akaita majina. Lilipofika lile jina nikasema, "Nipo." Nililiitikia mara tano siku ile, na kila mara nilijishika tumbo. Alipokiangalia kitambulisho alisema, "Miaka hamsini na tisa, mbona mashavu bado yamejaa?" Nikamjibu, "Samaki wa mtoni, Mwalimu." Darasa zima likacheka, naye akacheka. Kosa lake ni hilo tu, kucheka.

Kabla ya chakula cha mchana alisema, "Asiyejua kusoma asione aibu. Aje kwangu pembeni, nitamsomea maswali, atajibu kwa mdomo." Wazee wawili wakanyoosha mikono. Watu wazima kabisa, mvi kichwani, na hakuna aliyewacheka. Hapo ndipo nilipaswa kuinuka, niseme ukweli, nimlete Baba wiki inayofuata. Nilibaki nimekaa. Hilo linaniuma kuliko yote, afande, liandike hivyo hivyo.

Mchana akafundisha vibao. Kibao cha kijani kwenye ngazi ya jukwaa, panda. Chekundu, usipande. Alisema, "Hata fomeni akikutuma. Hata ukimwona mwenzako yuko juu." Mimi vibao hivyo nimevitundika kwa mikono hii miaka kumi na saba, kwa hiyo nilisinzia. Maswali nilipata yote.

Kadi ilipotoka nilimpelekea Baba. Akauliza, "Walisema nini huko?"

"Vaa helmeti, vaa viatu vigumu."

"Basi?"

"Basi, Baba."

Kibao sikukitaja. Nilidhani kinajulikana na kila mtu kama ninavyokijua mimi. Upumbavu mtupu.

Siku yake ya kwanza alifika na raba zake za shambani. Mwenzangu Nyandang akamtania, "Mzee kapata kadi kabla ya viatu." Baba alicheka sana. Kadi ile aliivaa shingoni hata tukirudi nyumbani, anakula nayo. Mendia alimwambia aivue isiingie kwenye mchuzi, akakataa.

Mnamo Jumanne tarehe 14 Mei, saa moja na nusu asubuhi, mimi na Nyandang tulifungua mbao za jukwaa la upande wa mashariki, ghorofa ya tatu, ili tuzibadilishe. Nilitundika kibao chekundu kwenye ngazi, tukaenda upande wa pili kuchukua mbao mpya. Saa nne na dakika ishirini nilimwona Baba yuko juu ya jukwaa lile, amebeba ndoo ya vyuma vya kufungia. Hakuna aliyemtuma kupita pale, alikuwa anakata njia. Kati yangu naye palikuwa na kama mita arobaini, na pampu ya zege ilikuwa inanguruma.

Nikapiga kelele, "Baba! Simama! Baba!" Kwenye saiti yetu wazee wa Kiiban ni wengi, na sisi wadogo wote tunawaita hivyo. Wanne waligeuka. Baba naye aligeuza kichwa, akawaona wale wamegeuka, akachukulia anaitwa mwingine. Akaendelea kutembea. Jina lake lilikuwa mdomoni mwangu, afande. Mtu akisikia jina lake husimama. Sikulitoa. Bora ningelitoa, tumbo livimbe likitaka. Akakanyaga ubao uliofunguliwa.

Alifariki hospitalini saa saba mchana. Niliporudi saitini nilikuta mfuko wake wa wali na samaki umening'inia kwenye ngazi, ameutundika kwenye ndoano ya kibao changu. Yeye aliona ndoano tu.

Mwalimu Dayang hakujua lolote, na hakuna aliyempa chochote. Kama yupo wa kushtakiwa, ni mimi. Mke wangu yuko nje kwenye benchi. Amenisindikiza akidhani nimekuja kuandikisha habari za ajali. Tangu juzi anauliza jambo moja tu, kwamba baba yake alifundishwa siku nzima, iweje apande pale. Sijamjibu. Naomba karatasi hii asisomewe na mtu mwingine. Nitamwambia mwenyewe nikitoka.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo, nimeyasema kwa hiari yangu, na sina la kupunguza.

Saini ya shahidi: Manggat anak Jelian

Maandishi ya mpokea maelezo: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa lugha anayoielewa, akakubali ni sahihi, akatia saini mbele yangu saa nane na dakika tano mchana. Niliandika jina la marehemu, Ansau anak Budit, kutoka kwenye kitambulisho. Baada ya kutia saini nilimwambia shahidi kwamba kwa sasa yuko huru kuondoka. Hakuinuka. Saa nane na nusu mkewe alifungua mlango, akauliza kama bado. Shahidi alimvutia kiti. Nilichukua jalada, nikawaachia chumba.

Koplo Awang Saidi