Swali Lililomshinda Baba

Rasbura,
Lindi.
8 Februari 2025

Mpendwa Baba Mdogo Issa,

Shikamoo. Hujambo huko Mwanza, pamoja na Mama Mdogo Zuwena na Amiri? Lile goti limepoa? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila Baba anakohoa kila alfajiri na hospitali hataki kuisikia.

Nimepata kazi ya muda ya kukusanya maoni ya wananchi. Tunapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, tukiuliza watu wanavyoiona serikali, vyama na majirani. Sharti anayehojiwa awe peke yake. Kwetu hapa hilo ni kazi! Ukibisha hodi kwa mmoja, wanatoka watatu na mkeka. Bi Mwahija aliniambia, "We mtoto, mama yako nimemzalisha mimi, leo waniuliza umri? Kaa kwanza ule muhogo."

Nyumba za kuhojiwa huchaguliwa kwa kura, nayo kura ikaiangukia nyumba yetu. Mimi siruhusiwi kumhoji mzazi, kwa hiyo akaketi naye barazani kwetu mwenzangu Antonia, mwenyeji wa Masasi. Nilikuwa jikoni kwa Mama, na ukiwa pale unasikia ya barazani kwetu, na baraza ya nyumba yenu ya jirani unaiona yote.

Nilikumbuka Ramadhani za utotoni. Mama anatoa uji wa pilipili manga, Mama Mdogo analeta kaimati, wewe na Baba mnakula sinia moja na kugombea kichwa cha samaki changu. Kisha ukaja uchaguzi ule, bendera mbili juu ya mapaa mawili, na Baba akaingiza sinia ndani. Mwaka uliofuata mkahama. Hakuna aliyetukana wala kuinua mkono. Labda ndiyo maana hakuna aliyejua pa kuanzia kuomba radhi.

Antonia akafika kwenye swali: je, ungependa, usingependa, au ungeona sawa tu kuishi jirani na mtu wa chama kingine? Baba akageukia jikoni. Halafu akapaza sauti.

"Warda! Mwambie mgeni wetu, jibu hilo sina peke yangu. Mwenzangu yuko Mwanza."

"Baba, chagua moja tu," Antonia akamsihi.

"Andika hivyo hivyo, binti yangu. Mwenye nusu hayupo."

Kishikwambi hakina nafasi ya jibu la namna hiyo. Antonia akabonyeza "amekataa kujibu". Majibu ya watu si yangu kuyasimulia, lakini hili Baba alinipa mwenyewe kwa kelele, nami naamini halikuwa langu bali lako.

Jana Baba alifagia baraza yenu. Anasema popo wameichafua. Popo wapo miaka yote, Baba Mdogo.

Ramadhani inabisha hodi. Njoo, hata kwa futari ya siku moja, mkalijibu swali lile pamoja.

Mama anakusalimu sana, na Bi Mwahija anauliza kama Amiri ameoa. Mola awafungulie njia na awafikishe salama.

Mwanao akupendaye, ambaye ameshaanza kuwatazamia,

Warda Bakari