Wapita Njia wa Jumamosi

Jumamosi, Agosti. Upepo.

Umevuma tangu asubuhi, ule upepo wetu wa kiangazi unaoleta mchanga hadi mdomoni. Nimefunga kibanda, nimekaa nje na simu kuandika hapa, kwa sababu sielewi kama leo nimefanya biashara au nimeharibu kitu.

Nieleze vizuri. Tangu mawe ya huku Unyambwa yapakwe mishale myeupe ya kuonyesha njia ya kutembea, kila Jumamosi watu wa mjini, na wengine kutoka Dodoma, wanapita nyuma ya nyumba yetu wakielekea ziwani. Wanatembea tu. Hawaendi shamba, hawaendi mnadani. Na kweli mtaa umechangamka. Jirani yetu Mama Neema hahangaiki tena kupeleka mayai sokoni, vijana wa bodaboda wanawarudisha waliochoka, na mimi, niliyerudi nyumbani baada ya kazi ya duka Dodoma kuisha, nikajenga kibanda cha chai, viazi vitamu na asali. Kikifa hiki, narudi Dodoma kupanga chumba na kuanza kuomba kazi upya.

Shida ni mama.

Siku ya kwanza alipoliona lile kundi likipita juani, alitoka na kanga mabegani akawapa pole ya msiba. Kwake, watu wengi wakitembea pamoja bila mzigo wametoka kuzika. Walipomwambia ni mazoezi alicheka mpaka akakaa chini, lakini alikuwa ameshaanza. Akawaweka kivulini, akawapa togwa. Bure. Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Wanapita mbele ya kibanda changu wakinipungia mkono, wanaingia uani kwa mama na shikamoo zao, wanakunywa wanashiba, mimi nabaki na birika langu. Mmoja alijaribu kumpa noti, mama akanuna siku nzima.

Jana niliongea naye. Nilisema kwa upole, lakini nilisema: mama, unaniua. Hakubisha. Aliuliza tu, "Kwa hiyo nisiwakaribishe?" Nikamwambia awasalimie, wakitaka kunywa waje kwangu. Akasema sawa.

Leo walipofika, mlango wa mama ulikuwa umefungwa. Alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa kwa vumbi. Nadhani kwake hakuna kusalimia bila kukaribisha, hivyo akaona bora asionekane kabisa. Wageni walisimama uani wakichungulia, na dada mmoja aliyemzoea akaniuliza kama bibi anaumwa. Nikasema amepumzika. Wakaja kibandani, wakanunua chai, viazi vikaisha, hata asali. Sijawahi kuuza hivyo. Nilitegemea kufurahi.

Lakini hawakukaa. Walikunywa wamesimama, wakaulizana umbali uliobaki, wakaondoka. Yule dada alisema huenda wiki ijayo wakajaribu njia ya upande wa pili. Labda alisema tu. Labda ni upepo. Nimelizungusha hilo kichwani mchana kutwa: wanakuja kwa ajili ya mawe na ziwa, au wanakuja kwa mama? Kama ni mama, basi biashara ni yeye, na yeye hauzwi. Kama siye, mbona nina huzuni namna hii?

Nina aibu pia. Niseme tu.

Jioni, nikiwa naosha vikombe, mama alitoka. Akakaa kwenye benchi la kibanda, pale wanapokaa wateja, akaomba chai. Nikammiminia iliyobaki. Akanywa taratibu, akasifia tangawizi, akauliza kama wageni wangu walifika salama. Zamani alikuwa anasema wageni wetu. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa sarafu, akaiweka mezani. Hakuwa ananisuta. Nilimtazama usoni kabisa, na alikuwa anajitahidi tu kufuata nilichomwambia.

Sikuweza kuichukua, na sikuweza kumrudishia.

Ameingia ndani. Sarafu bado iko mezani na giza linaanza. Jumamosi watapita tena, kama watapita. Nitamwambia mama akae wapi?