Kofia ya Saidi na Ukindu wa Mbekenyera

Mpendwa mama,

Uzio mpya wa bondeni utaachiwa lango kwa ajili ya wakata ukindu. Amesema hivyo Saidi, mtani wako Myao, ambaye sasa ndiye mkuu wa kituo cha hifadhi ya bonde, jana asubuhi mbele ya mkutano wa kijiji hapa Mbekenyera. Wanawake walikuwa na hofu kwamba nguzo zikifika mtoni, ndio mwisho wa mikeka. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, maana lango hilo ni lako.

Mara ya kwanza tulikwenda pamoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, kituo kikiwa bado kinanuka rangi. Nilitoka Nachingwea kuja kuandika habari ya ufunguzi, nikakupitia nyumbani. Katika chumba cha maonyesho ulimtazama chura aliyetiwa kwenye chupa, ukauliza, "Huyu naye kafanya kosa gani?" Ofisa aliyetoka mkoa wa mbali alipotueleza kuwa tumesimama kwenye ardhioevu, uliniambia pembeni, "Kumbe! Miaka yote hii sisi tunasema bonde." Lakini lile daraja la mbao ulilipenda. Ulisimama katikati yake ukimwangalia korongo akivua, na hukutaka kuondoka.

Saidi ndiye aliyekuwa akitutembeza. Tulipofika kwenye mikindu, alisema kuanzia siku hiyo hakikatwi kitu. Mikeka ndiyo iliyonisomesha, na nyumba nyingi pale kijijini zilikuwa hivyo hivyo. Kisha ukamuuliza kabila lake.

"Myao, mama."

"Ahaa. Mimi Mmwera."

Akajua yamemfika. Kabla hajarudi nyuma, kofia yake ya kazi ilikuwa kichwani mwako.

"Mama, hiyo ya serikali!"

"Serikali ije yenyewe. Nyie Wayao mkivikwa kofia tu mnajiona masultani."

"Na Mmwera akiona cha mtu, mkono unamwasha."

"Naiweka rehani. Njia ya ukindu ikibaki wazi, kofia iko salama. Ikifungwa, naipikia uji."

Ofisa akaona ni wizi, akataka aitwe mgambo. Kwao hakuna utani wa namna hii. Saidi akamshika mkono. "Bosi, huyu mtani wangu. Nikimkasirikia, nyumbani sitakuwa na pa kuweka uso."

Ulizunguka kituo chote na kofia ile, ukiwaonyesha wageni ndege kana kwamba umeajiriwa. Ilipofika saa ya chai, ofisa mwenyewe alikuwa anacheka. Mkakubaliana palepale: wanawake wataingia kila msimu, Saidi akiwapo, watachukua majani na kuuacha mti ukiwa hai. Gazetini niliandika habari za ndege. Mhariri alitaka ndege.

Kofia hukuirudisha. Siku ya maziko yako Saidi alisimama mlangoni, akazuia jeneza. "Mwizi wa kofia haendi popote!" Watu waliokuwa wakilia wakacheka, nami nikacheka. Dada yangu Somoe akaileta kofia kutoka ndani. Saidi akaipokea, akaigeuza, akamrudishia. "Kaa nayo wewe. Nikiichukua, njia imefungwa."

Jana, mkutano ulipokwisha, nilimuuliza kikazi kama habari ya lango imewekwa kwenye maandishi. Akanitazama.

"Kofia ipo?"

"Ipo."

"Basi."

Nikafunga daftari.

Leo nimekwenda kusimama kwenye daraja. Limebadilishwa mbao. Korongo yupo, au ni mjukuu wake, na bado anavua kwa uvivu ule ule. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Mkeka wako wa mwisho umeanza kuchakaa upande wa mlangoni. Ndio ninaoulalia nikija nyumbani, na nalala vizuri. Somoe ameniahidi mwingine.

Pumzika, mama. Huku tuko salama.

Jumamosi, umande ukishakauka, lango litafunguliwa kwa mara ya kwanza. Somoe atatangulia na kofia kichwani. Saidi ameshaanza kuandaa matusi.

Mwanao wa kwanza