Niliitikia kwa Kichwa, Wakanitoa Kwenye Kiti Changu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako haraka kabla sijamtamkia mdogo wangu maneno ambayo mama yetu hatayasahau, maana nimekasirika mpaka watu wananiuliza kama nina homa.

Mimi ni msusi, na hiyo saluni tuliifungua pamoja mimi na mdogo wangu wa kike, yeye anakaa kaunta anapokea watu, mimi nasuka kwenye kiti cha dirishani, na mambo yalikuwa shwari kabisa mpaka masikio yangu yalipoanza kupungua kidogo kidogo, kwanza nikawa sisikii simu ikilia, kisha watu wawili wakiongea kwa pamoja naambulia kelele tu, daktari akanipima akanipa mashine ya sikio, nikashukuru Mungu, lakini mashine hiyo ukiivaa saluni haichagui, inakuza feni, inakuza redio, inakuza madraya yote ya kukaushia nywele yakiwashwa, neno la mteja linazama humo humo, basi nikajifundisha kusoma midomo, na kwa kuwa msusi anasimama nyuma ya kichwa cha mtu, nikatundika kioo kikubwa ukutani, mteja anaongea akitazama mbele, nami namsoma kwenye kioo, kazi inakwenda, na hakuna hata mmoja niliyemsuka asichokitaka.

Sasa hao watu wangu wamenifanya kama kabati lisilosemeshwa. Wakicheka nikauliza mnacheka nini, naambiwa aa, basi tu, si kitu, nikiuliza tena wanakunja uso, nikiuliza mara nyingine mdogo wangu anakuja kunipigia kelele sikioni kana kwamba nimemwibia, na mteja akinisalimia yeye anadakia kutoka kaunta kwamba niambie mimi, huyo hasikii, yaani mtu ananiuliza habari za mwanangu halafu anajibiwa na mwingine na mimi nimesimama pale pale, kichwa chake kiko mikononi mwangu. Kwa hiyo nimezoea kuitikia kwa kichwa. Nikipitwa naitikia, natabasamu, naitikia tena, ili mambo yaende na mimi nisionekane msumbufu.

Jumapili iliyopita tulikula kwa mama, mimi, mdogo wangu na mumewe, televisheni inaunguruma, shemeji anaongea huku anatafuna, mdogo wangu kanipa kisogo anaongea na mama, mama kainamia sufuria anapakua, mimi nasoma vipande vya maneno nikachoka nikaacha nikala chakula changu, mara naona wote wametulia wananitazama mimi, wanasubiri, nami nikaitikia kwa kichwa kama kawaida yangu. Mama akapiga makofi, shemeji akanipa mkono, nami nikatabasamu nikidhani tumepanga kwenda kumwona mjomba anayeumwa.

Siku iliyofuata nafika kazini nakuta binti mmoja, mpwa wa shemeji, yuko kwenye kiti changu anamsuka mteja wangu wa siku zote, nesi mmoja, na mdogo wangu ananionyesha chumba cha nyuma, niwe naosha nywele na kufua taulo, huko eti sitasumbuliwa na watu. Nikamwuliza nani kaamua. Akanigeukia, jambo ambalo alikuwa hajalifanya siku nyingi, akatamka taratibu kama anaongea na mtoto wa chekechea, "Si ulikubali mwenyewe, mbele ya mama?"

Mshauri, nimeosha vichwa vya watu wiki nzima, na mtu akilala kwenye sinki midomo yake inakuwa juu chini, siwezi kuisoma, kwa hiyo huko nyuma ndiyo nimekuwa kiziwi kweli kweli. Wateja wangu wakiniulizia wanaambiwa nimechoka, nimeomba kupumzika. Mama naye anasema nimshukuru mdogo wangu kwa kunihurumia. Nikisema sikusikia walichoniuliza, watasema unaona, ndiyo maana tumekutoa mbele, na nikinyamaza nitazeekea kwenye taulo. Nifanye nini?

Msusi wa Chumba cha Nyuma

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nimesimama, kukaa nilishindwa.

Nianze na hao watu wako. Watu wazima watatu, wote wanajua kwamba husikii vizuri, wanajadili riziki yako televisheni ikinguruma, mdomo umejaa chakula, uso umegeukia kwingine, halafu wanasema umekubali? Hata kuku sokoni hugeuzwa akatazamwa kabla ya kuamuliwa lake. Na mdogo wako asiniletee hadithi. Amekaa kaunta miaka yote hiyo akikuona unavyoitikia. Kama alijua kwamba hukusikia, amekufanyia hila. Kama hakujua, basi hakujui hata kidogo, na anapata wapi ujasiri wa kukusemea kwa wateja wako?

Huruma gani hiyo ya kumnyang'anya mtu kazi anayoiweza? Mama yako mheshimu, ni mama, lakini kwa hilo usimshukuru mtu yeyote.

Sasa nije kwako, na usitegemee nikubembeleze. Nani alikufundisha kuitikia usichokisikia? Najua umechoka. Kusoma midomo siku nzima kunachosha kuliko kubeba magunia, na kumwambia mtu rudia, rudia tena, kunaumiza roho. Lakini kila unapoitikia hewani unampa mtu mwingine ufunguo wa nyumba yako, kisha unashangaa kukuta kitanda kimehamishwa. Unaogopa kuonekana msumbufu. Sumbua, mwanangu. Umeshakaa kimya wiki nzima, na kimya hicho kimekubakisha kwenye sinki.

Unasema ukikiri kwamba hukusikia watasema ndiyo maana. Waache waseme, halafu waulize ni mteja gani aliyeinuka kwenye kiti chako na kichwa asichokitaka. Watafute, wasimpate. Kazini uliweka kioo, na kazi ikaenda. Palipoharibika ni mezani kwa mama, ambapo hapakuwa na kioo wala adabu.

Kwa hiyo nenda kwa mama mchana, si saa ya kula. Mwite na mdogo wako. Shemeji abaki kwake, saluni haikufunguliwa naye. Televisheni izime wewe mwenyewe. Kaa ukiligeuzia dirisha mgongo ili mwanga uwapige wao usoni, na aseme mmoja mmoja akikutazama. Ukipitwa na neno, inua mkono, wasirudi nyuma wala wasisonge mbele mpaka ulipate. Wakikuambia si kitu, wajibu kwamba wewe ndiye utakayeamua kama ni kitu. Kisha waeleze waziwazi kwamba uliitikia bila kusikia, kwamba hayo hayakuwa makubaliano, na kwamba hutaitikia hivyo tena. Mama akilia, mpe kitambaa, mngoje amalize, endelea.

Mashine yako irudishe kwa daktari wa masikio. Mweleze habari za feni na madraya, umwulize kama inarekebishika. Huenda ikawa nafuu, huenda isiwe, lakini usikae nayo tu kama hereni. Redio ya saluni izimwe unapofanya kazi, anayetaka muziki avae spika za masikioni. Na wateja wako waambie kwa mdomo wako kwamba husikii vizuri, waongee nawe kwenye kioo. Ukilisema wewe, kaunta itakosa la kudakia.

Yule binti usimgombeze, hana kosa, aliitwa kazini akaja. Atafutiwe kiti kingine. Taulo mfue kwa zamu, na mdogo wako awe wa kwanza.

Asije mtu kuniambia kwamba mnagombana kwa ajili ya kiti. Kiti chenyewe ni mbao na sponji. Ulichonyang'anywa ni haki ya kuulizwa ukaelewa, ndipo ujibu, na hiyo hakuna ndugu anayeweza kukupunguzia kwa sababu masikio yako yamepungua.

Jumatatu fika kabla ya wote. Simama nyuma ya kiti chako, mtumie yule nesi ujumbe, mlango ukiwa wazi, aje umsuke. Watakuja, watakuzunguka, watasema mengi kwa haraka, kisha watanyamaza wakikusubiri. Shingo yako isitikisike. Fungua mdomo useme hapana, na useme kwa sauti, maana safari hii wanaotakiwa kusikia ni wao.