Foronya za Harusi ya Dafne

Mpendwa Nyanya Eleni,

Tangu Jumamosi situlii. Naosha vyombo, naviacha katikati. Nikiendesha gari kwenda kazini nashtuka nimeshapita pa kutokea. Acha nikuandikie, pengine nitapumua.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza nyumbani kwako, huku ughaibuni, mjini Golden Valley? Nilikuja kama mlezi wa kukuhudumia, nikaanza kukupima presha, ukanitupia kitambaa mapajani. "Unajua kudarizi?" Nikakwambia mama yangu, kule Kisii, alidarizi vitambaa vya makochi vya nusu ya mtaa. Ukacheka. Kuanzia hapo, kila tukimaliza chai, ulinifundisha maua na majogoo ya kisiwa chenu cha Ugiriki, uzi mwekundu juu ya kitani, wewe ukihesabu mishono kwa Kigiriki, mimi kwa Kiswahili.

Foronya mbili za harusi ya mjukuu wako Dafne ulitaka kuzidarizi peke yako. Lakini macho yalikuwa yamefifia na mkono unatetemeka. Majogoo wakatoka wamepinda shingo. Iliniuma. Basi kila ulipolala mchana, nilifumua mishono yako nikaishona upya, imenyooka. Ukiamka, unapapasa na kusema, "Kumbe bado naweza!" Nami kimya. Nilidhani ni wema.

Ulituacha kabla theluji haijayeyuka. Jumamosi nikampelekea Dafne foronya zake, kule mjini Saint Paul. Alizikumbatia akalia. "Hii ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake," akasema. Nikashindwa kuvumilia, nikamweleza yote.

Alipapasa jogoo mmoja kwa kidole. Kisha akauliza, "Nyuzi zake ulizipeleka wapi?"

"Nilizitupa."

"Ungeziacha, Moraa. Mimi nilitaka majogoo hao hao waliopinda."

Hakunifukuza. Alinimiminia kahawa, akanialika harusini, hata keki akanifungia. Ingekuwa afadhali angenifokea.

Nitaenda, Nyanya, ingawa sijui uso nitauweka wapi. Kinachonikosesha raha ni kwamba siwezi tena kukuuliza: ulijua? Labda vidole vyako viliniumbua siku ya kwanza nilipofumua, ukaninyamazia ili nisione haya. Au hukujua, na uliondoka ukiamini mikono yako bado mizima, kwa uongo wangu. Nageuza moja, nageuza nyingine, na zote mbili zinanichoma.

Pumzika, Nyanya. Nisamehe, kama inawezekana huko uliko.

Mlezi wako,
Moraa