Mafuta ya Damu na Samli ya Mama Mkwe

Jumapili, Oktoba 1975

Upepo umevuma tangu alfajiri na haujachoka. Vumbi limeingia hata kwenye chupa ya wino, kwa hiyo naandika kwa penseli kama mtoto wa darasa la kwanza. Mvua bado. Moyo wangu mzito, na hapa sina sababu ya kuuficha, maana daftari hili halina mume wala mwalimu mkuu.

Bahasha ilifika Alhamisi, mkononi mwa dereva wa lori la mazao. Nilikuwa nimeisubiri wiki sita. Ndani mlikuwa na karatasi ya maabara iliyopigwa mistari miwili myekundu, na kikaratasi cha daktari wa hospitali ya misheni: "Mwalimu, mafuta katika damu ni mengi mno. Acha nyama, mayai, samli. Njoo Jumatatu." Daktari ni Mzungu na Kiswahili chake ni kifupi siku zote. Safari hii kilinitosha.

Mstari wa kwanza unasema kolesteroli, wa pili trigliseridi. Mbele ya kila jina kuna namba yangu, na pembeni namba ambayo mtu mzima hatakiwi kuipita. Ya kwanza nimeipita kidogo. Ya pili nimeipita mara tatu. Nafundisha hesabu darasa la saba, sikuhitaji mtu wa kunisaidia kutoa wala kugawanya.

Kilichonishinda ni maana yake.

Niandike tangu mwanzo, labda nikiona maneno yamepangana nitatulia. Mwezi wa tatu nilikuwa nakunywa maji mtungi mzima kwa siku na bado koo linakauka. Chooni sisimizi walijaa mahali nilipokojoa. Nilijua kabla ya kupimwa, kwa sababu dada yangu Anna alianza hivyo hivyo. Anna alikatwa mguu, na kabla mwaka haujaisha tukamzika. Aliacha watoto watatu. Mimi ninao wanne, na wa mwisho bado anafungwa vifungo vya shati.

Daktari alisema ni kisukari. Akasema ugali, uji, viazi na asali, vyote vikifika mwilini vinakuwa sukari, niviache. Nile mlenda, mayai, nyama, na maziwa kwa kiasi. Nilimwambia kwetu asiyekula ugali hajala. Akacheka, akasema basi nisile.

Nikaacha. Haikuwa rahisi. Siku za shamba la kijiji chungu kikubwa kinapikwa chini ya kibanda, watu wote wanamega pamoja, na mimi nakaa pembeni na bakuli la mlenda na mayai mawili ya kuchemsha kwenye leso. Wenzangu walinipa jina. Walisema Mwalimu anatufundisha ujamaa lakini anakula kibepari. Nilicheka pamoja nao. Sikuwaambia kwamba kila yai ninalomenya nimelitoa mdomoni mwa mwanangu Yohana na wadogo zake, ambao wakati ule walikuwa wanakula ugali wa unga wa njano wa msaada, na mboga yenyewe ilikuwa majani makavu.

Lakini nilipona, au nilidhani nimepona. Kiu iliisha. Sisimizi wakahama. Niliweza kusimama ubaoni vipindi vyote bila kushika meza. Baba Yohana alichinja majogoo wake mmoja baada ya mwingine na hakulalamika hata siku moja, ingawa nilimwona akihesabu waliobaki.

Halafu inakuja karatasi kuniambia kwamba chakula kilichonitoa kaburini kinanirudisha huko huko.

Ugali unaniua. Nyama inaniua.

Nimeyarudia maneno haya siku nne mfululizo, nikifagia, nikisahihisha madaftari, hata leo kanisani wakati wenzangu wanaimba. Jana nilikata tamaa nikakaa chini na watoto nikala nao ugali, mkono mzima, kama zamani. Watoto walifurahi kupita kiasi. Kufika jioni ulimi ulikuwa mkavu na maandishi ya madaftarini niliyaona kama yamelowa. Leo asubuhi sisimizi wamerudi. Nimewatazama kwa muda mrefu na nimelia, nalisema wazi, nimelia nimechuchumaa chooni.

Kuna jambo lingine, na ndilo linalonichoma kuliko namba zenyewe. Alhamisi Baba Yohana aliposoma kile kikaratasi kwa sauti, mama yake alikuwa hapo anapepeta uwele. Mama mkwe wangu hajui kusoma ila masikio yake yako sawa. Alisikia mafuta, akasikia samli, akaweka ungo chini, akaingia ndani. Ijumaa asubuhi niliona doa pana nyuma ya zizi na kuku wanalidonoa. Alikuwa amemwaga samli yote. Samli aliyoikusanya wakati wa mvua, ng'ombe walipokuwa na maziwa, akaitunza kwenye kibuyu kwa ajili yangu peke yangu, yeye mwenyewe hakuionja. Tangu siku hiyo hanipi kitu chochote kwa mkono wake, hata kikombe cha maji. Anaamini amenilisha sumu.

Leo baada ya ibada nilikwenda kwa Bwana Mkumbo, tabibu wa zahanati yetu. Zamani alikuwa akiosha vyombo katika maabara ya hospitali mjini na alikuwa na macho ya kuona na masikio ya kusikia. Mwenyewe anasema anajua nusu tu, na nampendea hilo. Aliisoma karatasi, akaniambia kolesteroli ni mafuta ambayo mwili wenyewe unayatengeneza na mengine tunayapata kwenye chakula. Hupanda polepole na kushuka polepole, kwa hiyo mlo mmoja hauyageuzi sana. Trigliseridi ni mafuta yaliyo njiani. Yanapanda kwa sukari, kwa ugali mwingi, kwa pombe, na yanapanda saa chache tu baada ya mtu kula mafuta. Ndiyo maana mgonjwa anaambiwa afunge tangu jioni. Mtu aliyeacha ugali, akasema, huo mstari wa pili kwa kawaida unashuka. Wangu umepaa.

Akavua miwani. "Mwalimu, usinikasirikie. Ama unakula ugali kwa siri, ama siku ile ulikwenda na kitu tumboni."

Nikamjibu nitafikiri. Hakukuwa na cha kufikiri.

Siku ile niliamka kabla ya jogoo kuwahi lori. Mama mkwe alikuwa ameamka kabla yangu. Alisimama mlangoni na kibuyu cha maziwa ya mgando aliyoyachanganya na samli iliyoyeyushwa, amekishika kwa mikono miwili. Katika boma hili mtu haanzi safari na tumbo tupu, ni kama kumfukuza. Na mkamwana harudishi anachopewa kwa mikono miwili. Nilikunywa chote nimesimama, nikafuta mdomo, nikaenda. Haikunijia hata kidogo kwamba nimevunja amri ya daktari. Aliniambia nisile, na mimi sikula.

Hospitalini muuguzi alinitoa damu, akaiacha itulie. Baadaye akainua kile kichupa dirishani. Maji ya juu ambayo yalitakiwa kuwa maangavu yalikuwa meupe, kama maziwa yaliyotiwa maji. Akaniuliza kama nimekula kitu tangu jana jioni. Nikasema sijala. Akakitazama tena kichupa, akanitazama mimi, akauliza tena. Hapo ndipo nikakumbuka kile kibuyu, nikaelewa anachokiona.

Nikasema sijala.

Mara ya kwanza nilijibu kwa kuamini. Mara ya pili nilidanganya.

Najua kwa nini. Lori linakwenda mara moja kwa juma, Jumatatu, na kurudi Alhamisi. Vichupa vinavyopelekwa hospitali kubwa ni vichache, na ili mimi nipate nafasi, mzee mmoja aliyevimba miguu aliambiwa angoje safari nyingine. Nilimpita kwenye benchi nikiingia. Ningesemaje kwamba nimekuja kuharibu? Niliona aibu, ndiyo hivyo tu. Mimi ninayewasimamisha watoto mbele ya darasa kwa kunakili majibu, nilimtazama muuguzi machoni nikamdanganya kuhusu kibuyu cha maziwa. Halafu nikakaa wiki sita kusubiri ukweli kutoka kwenye damu niliyoipeleka na uongo.

Na siku nne hizi nimemwacha mama wa watu abebe kosa langu. Nilikuwa nimeshaanza kuhisi tangu Alhamisi. Sikutaka kujua, kwa sababu kujua kungenilazimu kusema.

Leo alasiri nilimkuta jikoni anachambua mlenda mkavu. Niliketi chini karibu naye, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikamweleza yote, kile kichupa, muuguzi, mara ya kwanza na mara ya pili. Nikamwambia, "Mama, samli yako haikunidhuru. Niliulizwa kama nimekula, nikasema sijala."

Mikono yake ikasimama.

"Kwani ulikuwa umekula?"

Sikujua nicheke au nilie. Nikamkumbusha maziwa na samli ya alfajiri ile. Akanitazama kama mtu anayetafuta kosa lilipo na halioni. "Yale yalikuwa maziwa tu, mwanangu," akasema. "Chakula kilikuwa bado."

Nikamweleza kwamba kwa daktari hata maziwa ni chakula, na kesho nitamwambia ukweli na kumwomba anitoe damu tena, kama atakubali. Nitasema mbele ya muuguzi yule yule. Ikibidi nisubiri mpaka yule mzee wa miguu apimwe kwanza, nitasubiri. Kwa hiyo kesho alfajiri natoka bila kitu tumboni.

"Bila hata kijiko?"

"Maji tu, mama."

Alirudi kwenye mlenda wake. Nilidhani yameisha. Kisha akasema kesho nisipite mlangoni kwake kuaga. Akasema tangu aolewe hajawahi kumtoa mtu nyumbani hivyo na hawezi kusimama kutazama, kwa hiyo atabaki ndani amelala, na nisimwamkie, maana nikimwamkia ataamka, na akiamka mikono yake itatafuta cha kunipa.

Niliinama kumsaidia kuchambua ili asinione uso.

Sasa jua linazama na watoto wanaoga. Nimemaliza kula, mlenda na kipande cha kuku, na baada ya hapa nafunga. Baba Yohana nimemwambia pia. Aliuliza lori linapita saa ngapi. Kwake huo ni msamaha.

Ningependa kuandika kwamba nimepata nafuu. Sijapata. Bwana Mkumbo alisema wazi kwamba samli ya asubuhi moja inaweza kuupandisha mstari wa pili, lakini ule wa kwanza haiwezi kuufikisha pale ulipo. Huenda ni nyama ya miezi yote hii. Huenda ni damu ya ukoo, Anna hatukumpima mafuta. Hajui, na mimi sijui, na daktari naye aliandika maneno machache kuliko ninavyohitaji. Nikiacha nyama nile nini, nikirudi kwenye ugali nitaona ubao mpaka lini? Hayo nitamuuliza kesho, moja moja, na sitaondoka kwenye kiti chake mpaka ajibu.

Siku nne nimemwomba Mungu nipate sababu ya namba hizi. Amenipa, nayo ilikuwa kinywani mwangu mwenyewe. Kesho nitatoa damu safi, bila maziwa, bila uongo. Hilo ndilo linaloniogopesha sasa hivi, kwa sababu namba zikirudi vile vile, sitakuwa tena na samli ya mtu ya kusingizia.